Majivu ya Kupozea Chuma

Juzi nilipofika nyumbani Mautuma nilikuta jirani yetu ameuza ile mashine yake kuukuu ya kusaga mahindi. Wanunuzi wa vyuma chakavu waliivunja kwa nyundo pale pale uani, wakaipakia vipande vipande. Nilisimama nikalia, rafiki yangu, mtu mzima mimi. Mama mmoja aliyekuwa akipita akanipa pole, akidhani nimefiwa. Hakukosea sana.

Mashine ile ilikuwa ya chuma cha kusubu, ambacho mafundi wetu hukiita kasti. Ni chuma chenye maringo. Ukikichomelea harakaharaka kama geti, kinapasuka tena kando ya mshono. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea, na subira aliyokuwa nayo kwa kasti hakuwa nayo kwetu watoto. Alikipasha moto polepole juu ya makaa, akakichomelea kidogo kidogo huku akikigongagonga kwa nyundo ndogo, kisha akakizika kwenye majivu makavu kipoe taratibu hadi kesho yake. "Kasti haipendangi haraka," alikuwa akisema.

Majivu yalitoka katika meko ya majirani wote. Sisi watoto tuliyakusanya kwa debe, tukirudi weupe hadi kwenye kope, tunanuka moshi wa magunzi. Chuma kikishazikwa, nyanya alitupa viazi vitamu tuvifukie pembeni mwa lile rundo la moto. Sijala tena kiazi kitamu kama kile.

Msimu mmoja wa mavuno, kifuniko cha mashine ya jirani kilipasuka. Baba alikichomelea, akakizika, na alipotaka kusimama akashika kifua. Akiingizwa kwenye gari kupelekwa hospitali alimwambia mama, "Msifukue mbaka nirudi." Hakurudi.

Waombolezaji walianza kujaa. Mahindi yalikuwapo magunia kwa magunia, lakini unga hakuna. Jirani alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi, akawa anatazama kule majivuni. Wazee wakamwambia mama kifukuliwe. Mama alikataa katakata. Aliketi kando ya majivu yale, amejifunika leso, haambiliki. Mumewe alikuwa amesema hadi arudi.

Nyanya, aliyekuwa amempoteza mwanawe, akaenda kuketi naye chini. Kisha nyanya akamwuliza, "Mama, wageni wa mtoto wangu watalala njaa?"

Mama alitumbukiza mkono wote majivuni, akapapasa.

"Imepoa," akasema, na hapo ndipo kilio kikamtoka.

Jioni ile tulikula obusuma, ugali wetu, wa unga uliosagwa na kazi ya mwisho ya baba.

Siku hizi chuma kikipasuka watu hununua kingine, na majivu hutupwa tu shambani. Silaumu mtu. Ila miaka yote hii, kila nilipokuja nyumbani nikaisikia mashine ile ikinguruma, moyo wangu ulinidanganya kwamba baba yuko kazini. Safari hii sikusikia kitu, na nimeanza kuamini kwamba amekufa.