Wimbo wa Palizi Uliokataa Kuingia Redioni

Marehemu mke wangu ndiye aliyetuimbisha tulipolima. Wanakikundi wenzetu wa kulimiana hapa Mwamapalala walimrekodi kwa simu siku moja ya palizi. Humo yanasikika majembe, mbwa anabweka, na yeye anakohoa katikati ya wimbo. Alipofariki nilibaki na sauti hiyo tu, kwenye memori kadi ya redio yangu ndogo. Tukipalilia pamba naitundika mtini, yeye anaimba, sisi tunaitikia.

Mwaka jana bwana shamba mmoja, mgeni wa mkoa huu, alipanga chumba kwangu. Alikuwa na hedifoni kubwa na nyimbo za aina mpya, zilizorekodiwa bila kupunguzwa kitu. Alinivalisha. Nikasikia hata vidole vya mpigaji vikiteleza kwenye nyuzi. Nilishangaa, nikamuuliza mbona pale sokoni Bariadi wanapotuwekea nyimbo sijawahi kuona aina hiyo.

Alisema hazina wateja. Zinajaza simu upesi, zinataka vyombo vyake, na wengi wakisikilizishwa aina zote mbili hawaoni tofauti. Mimi niliiona, au nilidhani nimeiona kwa sababu nilikuwa nimeambiwa.

Nikamwomba anibadilishie wimbo wa mke wangu uwe wa aina hiyo. Akanionya kwamba kisichorekodiwa hakiongezeki. Nilimsikia, ila sikutaka kumwamini. Alipoubadilisha, kadi ikakosa nafasi, akaniuliza ule wa zamani aufanyeje.

“Futa,” nikamwambia.

Sisi wakulima wa pamba ukifika msimu mpya hung'oa mabua yote ya zamani na kuyachoma, wadudu wasivuke. Nilifikiri hivyo hivyo. Kipya hakikai na cha zamani.

Nilisikiliza kwenye kompyuta yake. Kikohozi kilekile, mbwa yuleyule.

Kesho yake yeye alikwenda Maswa kwenye mafunzo, nasi tukaingia shambani. Nikachomeka kadi. Taa iliwaka, redio ikakaa kimya. Nikachomoa, nikafuta kwa shati, nikarudisha. Kimya. Nilimpigia bwana shamba, hakupatikana. Wenzangu walisimama na majembe wananitazama, na nikalazimika kusema nilichofanya.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye aliyeanza kucheka.

“Shemeji, yaani umemchoma dada yangu kama mabua ya pamba?”

Akatoa simu yake ya vitufe, kioo kimepasuka, akaitumbukiza ndani ya kikombe cha bati ili sauti ipande. Mke wangu akaanza kuimba. Kumbe siku ileile ya kurekodi wenzangu wote walirushiana wimbo ule, na kila mmoja alikuwa naye mfukoni. Mimi peke yangu ndiye niliyemtunza mahali pamoja.

Sauti ilikuwa mbaya, inakwaruza. Tulilima mpaka mwisho wa mstari.

Bwana shamba aliporudi alinieleza kwamba redio yangu haisomi nyimbo za aina ile mpya, kisha akaomba kuusikia ule wa kwenye kikombe. Nikamuuliza zile nyimbo zake nzuri huwa anasikiliza na nani.

“Peke yangu, baba. Hedifoni ni ya mtu mmoja.”

Akaniomba nimrushie ule unaokwaruza. Nilimwelekeza kwa shemeji, kwa maana mimi bado sijui kurusha.