Alifagia Karakana Ikawa Ofisi

Saa kumi na mbili asubuhi, Hortense Kabamba anamimina alumini iliyoyeyuka pale ilipokuwa meza ya mkurugenzi. Moshi unatokea dirishani. Mlangoni bado kuna kibao cha Kifaransa kinachoomba wageni wabishe hodi, lakini hakuna anayebisha. Wateja wanaingia na masufuria yaliyotoboka, wanayatupa kwenye rundo na kuuliza mapya yatakuwa tayari lini.

Jengo hili la mtaa wa Panda, mjini Likasi, kusini mwa Zaire, lina vyumba kumi na viwili na uwanja wa kuegesha magari usio na gari hata moja. Kampuni ya bima iliyopanga hapa ilifunga milango mwaka 1992. Hortense, mwenye miaka 47 sasa, alikuwa mfagiaji wao kwa miaka kumi na minne. Alibaki na ufunguo kwa kuwa hakuna aliyekuja kuudai.

"Banaenda, banatuacha na milango," anasema kwa Kiswahili cha mji huu. "Minye niko na batoto tano. Milango haikuliwe."

Shemeji yake, Floribert, alijua kuyeyusha chuma tangu enzi za kazi ya migodi. Walianza wawili, kwa mchanga, mkaa na pistoni za magari mabovu. Leo wako tisa, pamoja na seremala na mafundi wa mbabula, yale majiko ya mkaa. Wiki ikienda vizuri, Hortense anatoa masufuria manane. Kubwa moja linabadilishwa kwa ndoo ya mahindi kutoka Kapolowe. Nyumbani kwake bukari, yaani ugali, huliwa mara moja kwa siku, jioni.

Hayo yote yanaweza kwisha mwezi huu wa Septemba 1995. Kwenye karatasi za mji, kiwanja hiki ni cha ofisi. Mwenye jengo, anayeishi Lubumbashi, amekubali wabaki kwa sharti moja: matumizi ya kiwanja yabadilishwe rasmi yawe ya karakana ndogo ndogo. Vinginevyo watoke ifikapo tarehe thelathini, maana anaogopa kunyang'anywa hati yake.

Waliomba mwezi wa nne. Mwezi wa sita wakaambiwa afisa wa ardhi, Clovis, atakuja kuona kwa macho yake kama kazi ya karakana inafanyika kweli.

Hapo ndipo Hortense aliposhika ufagio.

Katika kampuni ile, mkubwa akitoka Lubumbashi, sakafu ilitakiwa kung'aa na kifaa chochote kisionekane. Hortense hakujua njia nyingine ya kumpokea mkubwa. Alifagia siku tatu. Tanuru lilisukumwa nyuma na kufunikwa turubai. Masizi yalisuguliwa ukutani, mawe ya njiani yakapakwa chokaa, vifaa vikafungiwa chooni. Mafundi walivaa mashati ya misa. Floribert alivaa tai.

Clovis alikuta watu tisa safi wamekaa kimya kwenye mabenchi. Akauliza kazi inafanyika wapi.

"Nikamuambia, ni hapa, papa," anakumbuka Hortense. "Akaangalia chini. Akasema, mama, munachunga hii fasi muzuri sana. Minye nikamuambia merci."

Usiku ule alilala vizuri, maana mahali pake pamesifiwa. Mwezi wa saba barua ikaja, na seremala akaisoma kwa sauti: ofisi iko katika hali nzuri, hakuna shughuli yoyote ya karakana.

"Nililia mbele ya batu," anasema. "Ile balai, ile fagio, ilinilisha miaka kumi na ine. Sasa njo ile inataka kunitosha inje ya nyumba."

Clovis, tuliyemkuta ofisini kwake, hana kinyongo wala majuto. "Minye naandika kintu naona," anasema. "Naliona bureau ya muzuri kupita hii yetu." Amekubali kurudi mara moja tu, kesho saa tatu asubuhi.

Kwa hiyo Hortense amepiga marufuku ufagio kwa siku nane. Mchanga umetapakaa mpaka barazani na vumbi la mkaa limeingia kwenye kahawa. Floribert anamtania shemeji yake: "Mulamu, weye unagonjwa." Mwenyewe anakiri kwamba usingizi haupati.

Karatasi ikitoka, anataka kujenga tanuru la matofali lenye bomba refu uwanjani, ili majirani wasilalamikie moshi, na chumba cha mkurugenzi kiwe cha kufundishia wajane kumimina masufuria. Wanne wameshajiandikisha.

Anatusindikiza hadi mlangoni. Kwenye kizingiti kuna kipande cha alumini kilichopinda. Hortense anainama, anakiokota na kukifumbata kiganjani. Kisha anakirudisha pale pale, anapangusa mikono na kurudi kazini.