Jiwe la Mlangoni kwa Wifi Sikio

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa mchonga mawe ya kusagia unga. Mikono yake ilikuwa mikavu hivi kwamba akimpapasa paka, paka alitoa cheche. Kama ni uongo, paka mwenyewe yuko kaburini, kamuulizeni. Watu walimwita Sikio, maana hakuchukua jiwe lolote kabla ya kuligonga na kulisikiliza, shingo upande, kama mtu anayepewa siri.

Mwaka mmoja mtoto wa jicho akamfunika macho yote mawili, nami nikahamia kwake nimpikie. Siku aliyokwenda kupimwa hospitali, aliniachia karakana: baraza la bati, nyundo mbili, tindo tatu na vumbi la kutosha kujengea nyumba nyingine. Akaja mpagazi wa mwenye duka la vyombo. Alitaka jiwe moja, haraka.

Nikayatazama yaliyokuwa tayari. Yote meusi, yana vitundu kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Lakini mlangoni palikuwa na jiwe moja la waridi lenye madoa meupe, linametameta, nalo limechongwa. Lilizuia mlango usijifunge. Nikasema, mteja apewe zuri. Nikampa, mlango nikauzuia kwa ndoo.

Wiki ya pili mwenye duka akaja mwenyewe, jiwe kwenye toroli pamoja na mengine matatu, karatasi iliyokunjwa mkononi. Ndani ya karatasi mna jino.

"Mama, hili la mteja wangu. Jiwe lako limetoa changarawe kwenye unga. Nimekuheshimu miaka kumi na minane, lakini macho yamekwisha. Nitatafuta mchongaji mwingine."

Wateja wengine wifi hakuwa nao. Duka lile likimwacha, tindo zitaota kutu, na yeye atabaki kitandani akilishwa kama kinda. Mimi nikajitia kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Wifi akalipapasa jiwe. Akageuza uso kwangu. Kuona haoni, ila siku ile aliniona mpaka mifupa. Kunitaja hakunitaja.

"Macho hayajawahi kuchagua jiwe hapa," akamwambia mwenye duka. "Lete kidole. Unazisikia chembe, kila moja kivyake? Hili lilikuwa uji wa moto chini kabisa ya ardhi, likakosa njia ya kutoka. Likapoa hukohuko, polepole, miaka isiyohesabika, chembe zikapata nafasi ya kukua. Shira ukiiacha ipoe taratibu si inaota chembe kubwa chini ya sufuria?"

"Inaota."

"Basi. Ndilo itale. Hili limenyeshewa mlangoni mpaka limelegea. Chembe zinang'oka, zinaingia kwenye unga."

Mwenye duka hakuridhika. Akatia mkono kwenye toroli, akampa jiwe jeusi la vitundu.

"Huu uji ulitoka nje, ukamwagika, baridi ikaudaka. Chembe hazikuwahi kukua, hata wewe mwenye macho huzioni. Vitundu ni mapovu yaliyonaswa. Likilika linafungua vitundu vipya, kwa hiyo ukali hauishi. Hili ndilo la unga."

Akampa jingine, jepesi kama mkate mkavu.

"La kusugulia visigino. Povu tupu. Litie kwenye ndoo ya maji."

Likaelea.

Mwenye duka akanikonyeza, akatoa la mwisho: jeusi, linang'aa upande mmoja kama chupa, lina mapovu upande wa pili. Wifi akaligonga. Akaligonga tena. Mimi mchele wangu nikaupepeta mara ya tatu. Kisha akaliramba.

"Limeyeyuka kweli, likapoa upesi, ndiyo maana lina kioo. Lakini tumbo la ardhi halilijui hili. Lina ladha ya msumari. Umeokota takataka kwa mhunzi, mwanangu, unakuja kunipimia uzee?"

Mwenye duka alicheka hadi kofia ikaanguka kwenye ndoo.

"Sawa, mama. Lakini kama unayajua hivi, la mlangoni lilifikaje dukani kwangu?"

Wifi akakohoa, akaanza kutafuta tindo aliyokuwa ameishika.

"Ni mimi," nikasema. "Lilikuwa linang'aa."

"Wifi yangu huyu," akasema Sikio, "hata mume alimchagua kwa kung'aa."

"Na alikuwa kaka yako!"

Mwenye duka akaagiza mawe sita papo hapo, kwa sharti: lisitoke jiwe Sikio hajaligonga. Wifi akaongeza sharti lake, kwamba unga wa kwanza wa kila jiwe nitautafuna mimi, mbele yake, asikie.

Wakati ule nilikuwa na meno manne. Mawe yametoka mengi tangu hapo, na meno bado ni manne.