Tulipovuka Tshopo Kinyumenyume

Mwaka wa 1964, nikiwa na miaka ishirini na mbili, ndipo shida yangu ilipoanza, na niliianzisha mwenyewe kwa mkono wangu huu wa kuume. Mwanangu, wengine watakuambia waliharibiwa na vita. Mimi vita ilinikuta nimeshajiharibia.

Shule nilisoma miaka miwili tu. Lori ndilo nililolijua. Njia ya Banalia niliiendesha mvua na jua, vitesi, yaani gia, nikizisukuma kwa nguvu mpaka bega likauma. Kwa hiyo Papa Amisi, fundi wa magari aliyenilea, aliponipa ufunguo wa gari kubwa la rangi ya maziwa, niliona ni haki yangu. Gari hilo aliachiwa na mzungu mmoja muuza vitambaa aliyekimbia. Lilibadilisha vitesi lenyewe. Ukikanyaga mafuta linaondoka kama mto unavyoondoka, wewe huna habari.

"Kazi yote linafanya lenyewe," Papa Amisi aliniambia. "Wewe kazi yako iko moja: kungoja. Lisimame kabisa, ndipo ugeuze."

Nilicheka moyoni. Kumfundisha shofere wa lori kungoja!

Nikifika sokoni nilirudi nyuma kwa kasi, na kabla magurudumu hayajasimama nikaitupa vitesi ya mbele. Gari likaruka, pwaa! Wamama wakapiga vigelegele, nami nikarudia. Mafuta yalikuwa haba wakati ule wa waasi, basi kwenye mteremko wa daraja la mto Tshopo niliondoa vitesi, nikaliacha lijiendee bure kama tulivyozoea na lori, na kule chini nikairudisha ghafla. Kwenye mlima, nikikutana na mtu wa kusalimia, sikukanyaga freni. Nililizuia kwa mafuta, likaning'inia pale likinguruma, mimi napiga soga. Kila wiki lilichelewa kidogo zaidi kuondoka. Nilisikia, mwanangu. Nikasema ni uzee wake.

Asubuhi moja uchungu ulimshika dada yangu mkubwa, Yaya Zaina. Mumewe alikuwa Ubundu, njia imefungwa. Mama alimpapasa tumbo, akanivuta pembeni: "Mutoto amelala kando. Mupeleke hospitali." Sisi tulikaa ng'ambo ya daraja, na hospitali ilikuwa mjini.

Tukamlaza kiti cha nyuma, Mama akashika kichwa chake. Nikawasha, nikaweka vitesi ya mbele. Injini ikalia, gari likakaa. Nikakanyaga, likalia zaidi, likakaa. Papa Amisi akaja mbio, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya vitesi, akanusa, kisha akanishikisha puani. Yalikuwa meusi, yananuka kama maharagi yaliyoungulia chunguni.

"Umeyaunguza," alisema. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Munanusa nini?" Yaya Zaina alilia ndani. "Muko mapishi? Mimi niko nakufa huku!"

Papa Amisi akaingiza mkono dirishani, akaweka vitesi ya kurudi nyuma. Gari likasogea.

"Bon. Imebaki hii. Enda nayo."

Nikageuza shingo, nikaenda. Hata leo nikisinzia mchana, safari ile hunirudia. Anayerudi nyuma hutazama nyuma, na nyuma yangu alilala dada yangu. Njia nzima uso wake ulikuwa mbele ya uso wangu, na juu ya nywele zake, katika kioo, barabara ilikuja polepole kama inayoota: mitende, ukungu wa mto, wanawake na vikapu vya mihogo wanaopisha. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mimi niliyaendesha.

Darajani vijana wa waasi wenye mikuki walikuwa wameweka gogo. Mmoja akalizunguka gari, akalizunguka tena.

"Weye, unakuja ao unakimbia?"

"Ninakuja, papa."

"Mbona matako mbele?"

Kabla sijajibu, Yaya Zaina akainua kichwa: "Ondoa ile muti, ao nitazalia hapa, na weye ndiye utapokea mutoto!"

Kijana alirudi hatua tatu. Wenzake wakacheka, gogo likainuliwa. Tukapanda mlima kinyumenyume, mwendo wa kuku mgonjwa, Mama akisali, mimi nikilibembeleza gari kama ambavyo sijawahi kumbembeleza mtu.

Tulifika, lakini tulichelewa. Zaina alipona. Mtoto alivutwa kwa shida, msichana, tukamwita Mangaza. Mkono wake wa kushoto haujainuka hadi leo.

Gari halikwenda tena. Papa Amisi alikaa kando yake siku nzima, kisha akaniambia maneno ninayokupa wewe: "Lilikuomba muda wa pumzi moja tu. Ukalinyima. Sasa tazama nani amelipa."

Basi sikiliza, wewe unayeniletea leo magari yenu ya automatiki yanayonuka maharagi. Simama kabisa ndipo ubadilishe, mbele au nyuma. Likiegeshwa, vuta freni ya mkono kwanza. Mteremkoni usiondoe vitesi. Mlimani shika kwa freni, mafuta si kamba. Usiingurumishe injini kwanza ndipo uitupe vitesi ili wasichana wakutazame, watakusahau kabla ya jioni. Kijiti kichomoe, unuse. Likikwama usikubali livutwe kwa kamba magurudumu yake ya kazi, yale yanayolisukuma, yakizunguka chini. Na likianza kuchelewa kuondoka, usiseme ni uzee. Mwenda pole hajikwai, na mimi nilijikwaa nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Mangaza anaendesha. Automatiki, kwa sababu mkono mmoja unatosha. Hukanyaga freni, hungoja, hugeuza, sijamfundisha. Mafuta yake ya vitesi nayabadilisha mimi mwenyewe, hakuna fundi mwingine anayeligusa gari lile.

Leo nina nyumba ya matofali, vyumba vinne. Karakana yenye mabati. Lori moja zima na jingine bovu. Pirogi ya kuvukia mto. Mbuzi saba. Ufunguo wa gari la rangi ya maziwa, uko msumarini.

Mungu akupe mguu mwepesi na mkono unaongoja, mwanangu, na kila utakayembeba umfikishe mzima.