Kopo Linalolia

Vidonge vya virusi vya UKIMWI huja katika kopo la plastiki, na kopo hilo lina mdomo. Ukitembea nalo mkobani linalia cha-cha-cha, na anayesikia anajua umetoka dirisha gani la kliniki. Nimeusikia mlio huo katika miji ambayo watu wake hawaelewani hata kwa salamu, na kote wanawake wamebuni ujanja uleule: pamba. Unaisindilia juu ya vidonge, unafunga, unapita barabarani kimya kama mwizi, na hujaiba kitu.

Fundi cherehani ninayemwandika alilijua kopo hilo kupitia mumewe, dereva wa lori ambaye wenzake walimwita Breki, kwa kejeli, maana alikuwa haikanyagi. Mume ana virusi, mke hana. Kwa miaka mume alimeza dawa zake vizuri hadi vipimo havikuviona tena virusi, na aliyefika hapo hamwambukizi mkewe. Kisha fundi, akitoa nguo chafu za safari, akakuta kopo kwenye begi, limejaa, karatasi ya mdomoni haijatobolewa.

"Mimi ni mzima," Breki alisema. "Mzima anameza dawa ya nini?" Akapanda lori. Angerudi mwisho wa mwezi.

Kuna vidonge vya kinga, vya kumezwa kila siku na asiye na virusi, mradi aanze mapema. Fundi akaenda kliniki, akapimwa, akakutwa salama. Sista wa dirishani akamtazama juu mpaka chini.

"Hivi tunawapa wanawake wa baa. Wewe ni mke wa mtu. Njoo na mumeo."

"Mume ndiye ninayejikinga naye, sista."

"Basi kaongeeni."

Makopo yalikuwa nyuma yake, rafu nzima, yanakusanya vumbi. Mwanamke anaambiwa akaombe ruhusa kwa yule yule anayemhofia, na anayemwambia ni mwanamke mwenzake, mwenye funguo mfukoni.

Sista huyo alikuwa pia mteja. Kesho yake alikuja kujaribu gauni la harusi ya mdogo wake, akapanda kwenye kigoda mbele ya kioo. Fundi alipiga magoti kukunja pindo, pini zimejaa midomoni. Wateja wana kosa moja: fundi mwenye pini mdomoni wanamhesabu kama kabati. Wanasema lolote. Kwenye cherehani ya pili alikaa wifi yake, dada wa Breki.

"Fundi, ulishaongea na bwana kuhusu vile vidonge?"

Cherehani ya pili ikanyamaza. "Vidonge gani?" wifi akauliza.

"Vile vya kinga. Wifi yako anataka kumeza kama wale wa baa." Sista akacheka.

Fundi akatema pini kiganjani, moja moja. "Usishuke, sista. Gauni lote lina pini, zitakuchoma."

"Nimetania tu, jamani."

"Jana dirishani tuliongea wawili tu. Leo umenianika. Mimi nilikushonea gauni la mimba, kovu lako la tumboni nalijua. Umewahi kulisikia mtaani?"

Wifi akainua kichwa. "Kaka ameacha dawa?"

"Kopo limejaa, wifi."

"Na hukuniambia?"

"Ungeniambia nivumilie."

Wifi akaitazama sindano ya cherehani. "Ningekuambia hivyo," akakubali.

"Fundi, pale tuna utaratibu wetu," sista akajaribu.

"Umeandikwa wapi? Nisomee."

"Haujaandikwa," sista akasema. "Ndivyo tulivyozoea."

"Mmezoea. Mimi nife kwa mazoea yenu." Fundi hakupaza sauti. "Gauni nitalimaliza, ni kazi yangu. Kesho na wewe fanya yako. Ukinirudisha, nayasema haya kwa daktari wako, mbele ya foleni yote."

"Na mimi nitakuwepo," wifi akasema. "Mdomo wangu unaujua, sista, hauna pini."

Asubuhi fundi na wifi walifika kliniki wote wawili. Sista alishusha kopo rafuni, akaeleza namna ya kumeza na siku ya kurudi kupimwa, hakumtazama usoni. Kisha, kwa mazoea, akakata pamba.

"Acha pamba," fundi akasema.

"Watakusikia."

"Ndiyo. Wasikie."

Akapita mbele ya benchi zima, kopo likilia mkobani, vichwa vikigeuka. Wifi alimfuata nyuma, simu sikioni.

"Salamu zako ziweke," alikuwa akimwambia kaka yake. "Niambie kwanza, leo umemeza?"