Sweta la Baba

Nikisikia harufu ya nta ya nyuki, hata sokoni, namkumbuka mama. Krismasi ikikaribia alipaka nta spoku mbili za baiskeli ili ziteleze, akafumia sweta la baba, aliyekwenda kukata mkonge huko pwani. Vipimo alikuwa navyo kichwani.

“Mabega yake yanajaza mlango,” aliniambia akicheka.

Treni ya sikukuu ilifika bila baba. Tulipotoka misa, mama alinikalisha mbele yake.

“Nyoosha mikono, mwanangu.”

Akalifumua sweta lote, akiuzungushia uzi mikononi mwangu. Ulikuja umejikunjakunja, hautaki kunyooka.

Ikawa hivyo Krismasi mbili. Ya tatu ilipokaribia, mama alichukua kamba, akanigeuza, akapima mabega yangu.