Usaili Mbele ya Mama Mkwe

Alama zangu za mtihani wa kuingia chuo cha ushirika na biashara zilikuwa mbovu, sina namna nyingine ya kuziita. Hesabu nilipata chini ya nusu. Hata hivyo niliitwa Lushoto kwa usaili, kwa sababu miaka ile ya Ujamaa maduka ya vijiji yalikuwa yanafunguliwa kila kona na watu wa kuyasimamia walikuwa haba. Nilijua wataniuliza kwa nini hesabu ilinishinda. Nikijibu vizuri, nimepona. Nikibabaika, narudi Magamba kupasua mbao mpaka nizeeke.

Jibu nilikuwa nalo. Asubuhi ya mtihani mke wangu alishikwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, ukamzidia. Mimi na jirani tulimbeba kwa machela kumteremsha hospitali, na nilipoingia chumba cha mtihani wenzangu walikuwa wamefika nusu. Siku ya usaili nililirudia jibu hilo njia nzima, utadhani mtoto anayekariri sala.

Nikafungua mlango. Mezani walikaa watatu: mwenyekiti aliyetoka chuoni, karani wa wilaya, na mwakilishi wa akina mama wa ushirika. Huyo wa tatu alikuwa mama mkwe wangu.

Mtu wa mjini ataona ni jambo dogo. Sisi Wasambaa tulilelewa kumheshimu mkwe kwa kumkwepa. Sikuwahi kumpa mkono mama yule, wala kukaa naye chumba kimoja. Tukiwa na la kuambiana tulimtuma mke wangu. Na kumtajia uchungu wa uzazi wa binti yake? Heri ningevuliwa nguo sokoni.

Aliponiona alivuta kanga usoni, akageukia ukutani. Mimi nikaganda mlangoni.

"Kaa, ndugu," alisema mwenyekiti.

"Nitasimama, Ndugu Mwenyekiti."

Akanitazama, akaitazama karatasi yangu. "Hesabu hizi vipi? Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Uvivu?"

"Hapana. Nilichelewa."

"Kwa nini?"

Jasho lilinitiririka mgongoni ingawa baridi ya Lushoto mnaijua. Nilimchukia mwenyekiti kwa kuuliza, nikaichukia mila, nikajichukia mimi mwenyewe kuliko vyote. Karani, Msambaa mwenzangu, alikuwa ameshaelewa, lakini aliinamia kalamu yake kama hayupo.

"Ndugu," mwenyekiti alisema akifunga faili, "duka la kijiji linataka mtu wa kutoa maelezo. Wewe hata yako mwenyewe huna."

Ndipo mama mkwe alipozungumza, uso ukiwa bado ukutani. "Karani, mwambie mwenyekiti huyo ni mume wa binti yangu. Siwezi kumwamulia. Mimi natoka."

Mlango ulikuwa mmoja, na mimi ndiye niliyeuziba. Nikajibana pembeni, macho chini, nikingoja apite. Hakupita. Nikaona miguu yake imesimama mbele ya yangu. Kanga aliishusha mabegani, akaniambia kwa Kishambaa, ambacho mwenyekiti hakukijua:

"Uliniokolea mtoto wangu. Waambie. Aibu niachie mimi."

Akatoka. Nikaketi, nikaeleza yote, machela, uchungu, na mvua iliyotukuta kwenye mteremko. Nililia mbele ya watu wazima na sikujali. Karani, aliyetuandikia cheti cha kuzaliwa, alithibitisha kwamba mtoto alizaliwa siku ile ile. Mwenyekiti alifungua tena faili, akaandika kwamba nichukuliwe kwa majaribio ya muhula mmoja.

Jioni nilimtuma mke wangu akamshukuru mama yake. Alirudi na jibu fupi: nisome. Nikasoma, nikafaulu, nikasimamia maduka mpaka nikastaafu. Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawaona wajukuu wakioa na kuolewa, na hakunisemesha tena ana kwa ana hata neno moja.